Sura ya Tisa: Herufi Chini ya Rangi Nyekundu

Duane Skoglund hakutaka kuikanyaga ile pedali.

"Kanyaga mwenyewe, afande," alisema, mikono kaificha kwapani. "Mimi nimeikanyaga juzi mara moja. Imenitosha."

"Miaka ishirini na mbili kwenye yadi hii, Duane. Umevuta magari yenye maiti ndani. Leo pedali inakushinda?"

"Maiti hazipumui. Hiyo inapumua."

Senja Lahti, mpelelezi wa ofisi ya sherifu, alivua glavu na kufungua mlango wa dereva. Ilikuwa saa mbili asubuhi na ukungu wa Oktoba ulikuwa umeingia mpaka ndani ya banda, ukatanda chini ya taa. Gari lilikuwa juu ya stendi nne: Shevroleti ya mwaka sitini na sita, ya bluu, pua yake imekunjwa na mti wa mbetula na milango yake ina mstari wa tope pale maji yalipofikia. Siku nane zilikuwa zimepita, lakini alipokaa kitini, maji yalichuruzika kutoka kwenye sponji na kumlowesha suruali. Yalikuwa mekundu kama maji yote yanayotoka kwenye lile shimo la mgodi.

Katika kiti hicho ndimo alimokutwa Norris Tervo, Jumapili ya wiki iliyopita, siku aliyotimiza miaka sitini na mitano. Aliteremka kilima cha Cordelia asubuhi, kwenye ukungu kama huu, akafika kwenye kona ya mgodi wa zamani wenye jina hilo hilo, na hakukata kona; gari liligonga mti na kutumbukia shimoni. Barabarani hapakuwa na alama hata moja ya tairi. Watu wa mji walikuwa na maelezo yao tayari, wala hawakuhitaji mpelelezi: Cordelia amemwita. Ziwa liliingia mgodini mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na nne likawameza wachimbaji kumi na mmoja, na tangu hapo, wanasema, shimo halijawahi kusema limeshiba.

Mwendesha mashtaka wa wilaya hakuwa mtu wa mashimo. Yeye alikuwa na karatasi. Fundi wa serikali alikuja kutoka mji mkuu, akakaa na gari saa moja, akaandika mistari minne: hakuna mafuta yaliyovuja, breki za nyuma zina upepo ndani, breki hizo zimebadilishwa karibuni kutoka za ngoma kuwa za diski, kazi ni ya uzembe. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa Ludvik Prelog, fundi magari wa mji, mwenye miaka sabini na mmoja. Saa nane mchana huu Ludvik alitakiwa mahakamani asomewe shtaka la kuua kwa uzembe. Mzee wa umri huo akifungwa, hatoki.

Senja alikanyaga. Pedali ilianza vizuri, ikakaza kidogo, halafu ikaanza kushuka yenyewe chini ya mguu wake, polepole, bila haraka yoyote, mpaka ikagusa sakafu. Kutoka nyuma ya gari ikaja sauti ndefu, laini, ya mtu anayevuta pumzi usingizini.

"Umesikia?" Duane alinong'ona.

"Nimesikia."

Nywele za mikono zilikuwa zimemsimama, na hakujisumbua kujidanganya kwamba ni baridi. Alikanyaga tena, haraka haraka, mara tano. Sasa pedali ikawa ngumu kama jiwe. Aliiacha, akahesabu mpaka sitini, akakanyaga. Sakafuni.

"Ukiipampu inakubali," alisema. "Ukiiacha inakusaliti. Lete chupa na mpira mwembamba."

Walianza nyuma upande wa kushoto. Senja alilala chini na tochi. Mwanzo alitazama mpira wa breki, kwa sababu sherifu alikuwa ameshikilia kwamba una mkato wa kisu, na kwamba Ludvik na marehemu waligombana vuli ya mwaka jana kuhusu kichanja cha kuwindia kulungu. Mkato ulikuwepo. Ulikuwa na mchanga ndani yake na gome la mti, na haukufika hata nusu ya unene wa mpira. Jiwe ndilo lililoukata, wakati gari linaporomoka. Akauacha.

Kisha akachomeka mpira mwembamba kwenye nipeli ya kutolea upepo, kile kiskrubu chenye tundu kilicho kwenye kalipa, ile taya ya chuma inayobana diski. Duane alifunga macho na kukanyaga. Mafuta yakaja kwenye chupa. Yalikuwa safi, manjano, bila povu hata moja. Wakarudia mara sita. Safi.

"Kwa hiyo hamna upepo," Duane alisema.

"Kanyaga bila mimi kufungua."

Pedali ikashuka. Ile pumzi ikavutwa tena, sentimita chache kutoka sikioni mwake. Haikutoka kwenye nipeli. Ilitoka juu zaidi, tumboni mwa kalipa. Senja aliinua tochi na akatulia pale chini mpaka Duane akainama kumwangalia.

"Afande? Uko salama?"

"Nipeli iko chini."

"Sasa?"

"Upepo hukaa wapi, Duane? Juu. Ukifungua tundu la chini utakamua mafuta safi mpaka mwakani, na upepo utabaki umekaa juu unakuangalia." Alijiviringisha mpaka upande wa pili. Huko nako nipeli ilitazama chini. "Kalipa zimebadilishana. Ya kushoto iko kulia, ya kulia iko kushoto. Zinaingia vizuri tu, bolti zinakubali. Kosa ni hilo tu."

Kwa gari jipya lingekuwa kosa la usumbufu. Kwenye gari hili, ambalo masta silinda yake, ile pampu ya breki, ni ya chumba kimoja kama zote za zamani zile, upepo wa nyuma uliondoka na breki za mbele pia. Na handibreki haikuwepo. Norris alikuwa amesema waya wake atauunga baadaye.

Duane alikuna kidevu. "Basi mzee amejimaliza mwenyewe."

Senja alisogeza tochi. Kalipa zote mbili zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu inayong'aa, kazi ya mkono mtulivu, bila michirizi. Ripoti iliitaja rangi hiyo kwa maneno mawili. Alimwagia tambara tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, na kusugua. Chini ya wekundu, kwenye kalipa ya kushoto, ikatokea herufi iliyochorwa kwa ncha ya chuma: D. Alisugua ile ya kulia mpaka chuma kikang'aa. Haikuwa na kitu.

"D ya dereva," Duane alisema. "Na dereva anakaa kushoto. Kwa maandishi yuko sahihi, kwa kazi amekosea. Masikini mzee Prelog."

Ndivyo Senja naye alivyoisoma. Alikuwa amekuja kutafuta mlango wa kumtoa Ludvik, na sasa alikuwa ameshika msumari wa kuufungia. Alipiga picha.

"Halafu yule mama mnamfanyaje?" Duane aliuliza walipokuwa wananawa mikono. "Mjane. Kila asubuhi yuko pale kwenye uzio. Hatazami mbele kulikopondeka, anazunguka nyuma. Juzi ameniuliza kama rangi imetoka."

"Rangi ya gari?"

"Nilidhani hivyo. Lakini alikuwa anatazama magurudumu."

*

Ludvik Prelog alikuwa amekwisha funga begi. Lilikuwa juu ya meza ya kazi, katikati ya spana zilizopangwa kwa ukubwa, pamoja na kipande cha potica, mkate mtamu wa njugu, kilichofungwa kwa karatasi. Alikuwa amevaa suti ya mazishi.

"Kaa, binti Lahti. Kahawa iko kwenye birika. Umekuja kunichukua mapema?"

"Nimekuja kuuliza, mzee."

"Uliza. Baba yako naye alikuwa na maswali mengi, na mafuta alikuwa habadilishi."

"Alhamisi ile kabla ya ajali, breki mlizimaliza saa ngapi?"

"Saa kumi. Tukateremka Cordelia mara tatu, Norris anaendesha, mimi nimekaa pembeni na saa. Pedali ilikuwa juu, imara. Mara ya tatu alikanyaga ghafla kwenye kona nikapiga paji kwenye kioo. Alicheka yule fala." Alionyesha alama kwenye paji la uso. "Diski zilikuwa vuguvugu tu. Ngoma za zamani zingekuwa zinanuka."

"Kisha?"

"Kisha akalipeleka kwake. Ijumaa akaenda kwa pikapu kambini kuwinda. Jumapili..." Alikunja leso, akaikunjua. "Nimekuwa nikiwaza, binti. Usiku nalala nafungua zile bolti moja moja kichwani. Sioni kosa. Lakini mkono wa mzee ukisahau, kichwa hakiambiwi. Pengine nimefanya. Kama nimefanya, nihukumiwe."

"Kalipa ulizipaka rangi wewe?"

"Rangi?" Alimtazama kama ametukanwa. "Rangi ni ya midomo. Breki ni breki."

Senja alitoa simu na kuiweka mezani, picha ikiwa wazi. "Hii alama ni yako?"

Ludvik alivaa miwani. "Ni yangu. Baba alinifundisha kwenye karakana ya mgodi: weka alama moja tu, ya pili itajijua. Ukiweka alama mbili, siku moja utazisoma vibaya zote mbili."

"D ya dereva."

"Dereva gani?" Mzee alicheka, kwa mara ya kwanza katika siku nane. "Nyie Wafini bwana. Desno! Kulia. Nyumbani kwetu gari lilikuwa na levo na desno, hiyo habari ya upande wa dereva niliisikia nilipoanza shule. Mpaka leo mkono wangu unaandika kwa Kislovenia hata kichwa kikiwaza kwa Kiingereza. Muulize nani hapa..."

Aliisogeza picha karibu na miwani, kisha mbali.

"Hii umeipiga gurudumu lipi?"

"La kushoto."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Nje, upande wa shimo, kitu kilipiga mluzi, upepo au ndege, na wote wawili waligeuza shingo kisha wakajifanya hawakugeuza.

"Sikuiweka pale," Ludvik alisema polepole.

"Najua sasa. Ungekuwa wewe, D ingekuwa kulia. Mtu alizifungua baada ya Alhamisi, akazirudisha akisoma herufi yako kwa lugha yake." Senja alikuwa amesimama tayari. "Mzee, hii inakutoa. Hii tu inatosha. Norris alizifungua mwenyewe azipake rangi?"

"Norris alikuwa kambini. Na Norris alinishikia tochi miaka thelathini, desno anaijua."

"Nani mwingine anajua kufungua breki?"

Senja alimwona mzee akilifikia jibu kabla yake. Uso wake ulikuwa umekaza siku nane akijilaumu. Sasa ulilegea, ukawa mbaya zaidi. Alivua miwani. Alichukua begi lake, akalishika mapajani kwa mikono miwili.

"Usiende kule," alisema.

"Wapi?"

"Binti Lahti, sikiliza. Mimi sina mke, sina mtoto. Nimeishi vya kutosha. Niache niende saa nane, niseme ni mimi. Hiyo picha ifute."

"Mzee Ludvik!"

"Nakuomba. Sijawahi kumwomba baba yako kitu, nakuomba wewe."

"Siwezi, mzee."

"Basi endesha polepole," alisema, na akageuza uso ukutani.

*

Nyumba ya Tervo ilikuwa juu ya kilima, mwisho wa barabara, na taa ya baraza ilikuwa inawaka mchana. Marlys Tervo, yule mjane, alifungua kabla Senja hajabisha. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu wa nyanda za kusini aliyeletwa huku na ndoa, na baada ya miaka thelathini na tisa majirani walikuwa bado wanamwita mgeni. Katika maelezo yake kwa polisi alikuwa amesema sentensi moja ambayo Senja alikuwa ameisoma mara mbili garini: kati ya Alhamisi na Jumapili hakuna aliyeligusa gari.

"Mmemkamata?" Marlys aliuliza.

"Saa nane. Naomba kuona gereji, dada Marlys."

Ndani ya gereji stendi nne zilisimama sakafuni pale zilipoachwa, zikishikilia gari ambalo halikuwepo. Ilionekana mtu huzifuta vumbi. Kikombe cha Norris kilikuwa kwenye dirisha, na kahawa ndani yake ilikuwa inatoa mvuke.

Senja alikitazama kile kikombe.

"Namwekea," Marlys alisema. "Nikiacha kuweka, nasikia pedali. Nikiwa jikoni. Anakanyaga, anaachia, anakanyaga. Najua ni akili yangu. Lakini nikimwekea kahawa anatulia."

"Alikuwa anafanya kazi hapa peke yake?"

"Peke yake?" Alitabasamu kidogo. "Breki hazifanywi na mtu mmoja. Mimi nilikuwa mguu. Miaka thelathini na tisa. Yeye chini na spana, mimi kwenye kiti. 'Kanyaga!' 'Nimekanyaga!' 'Achia!' Ukweni kwangu walikuwa wanasema Norris hakuoa mke, ameoa mguu."

"Lakini kutoa upepo peke yako inawezekana. Ukiwa na chupa na mpira."

"Inawezekana. Alinifundisha."

Kwenye rafu, nyuma ya makopo ya misumari, kulikuwa na kopo dogo la rangi nyekundu, na kando yake mswaki wa waya uliosafishwa vizuri. Senja hakulishika. Alingoja Marlys alione kwamba limeonekana.

"Ilikuwa zawadi," Marlys alisema hatimaye. "Alikuwa ameziona kwenye maonyesho ya magari, za watu wengine, nyekundu, zinachungulia kwenye rimu. Alizisema mwaka mzima. Ludvik alimcheka. Kwa hiyo alipokwenda kambini nilizitoa, nikazisugua, nikazipaka mara tatu. Nilizikausha kwenye sauna." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Ni rangi tu. Rangi haigusi breki. Niliwaambia hakuna aliyeligusa kwa sababu hakuna aliyegusa breki."

"Ulizirudisha Jumamosi."

"Jumamosi. Nikatoa upepo mpaka mafuta yakaja safi, bila povu. Nikakanyaga, ilikuwa ngumu kama jiwe. Mimi ndiye mguu, nisingejua? Ludvik ndiye aliyeharibu, huko ndani, kabla. Jumapili asubuhi Norris alirudi kutoka kambini, akaziona, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema anakwenda kumwonyesha Ludvik, aone wivu. Akanibusu hapa." Aligusa utosi.

Senja alitamani kuwa mtu mwingine, mwenye kazi nyingine. Aliuliza kwa sababu ilikuwa lazima iulizwe.

"Ulijuaje ipi inakaa upande gani?"

"Ilikuwa na alama. Moja ilikuwa na D."

"Ukaiweka wapi?"

"Kwa dereva. D, dereva." Alisema haraka, kama mwanafunzi mwenye uhakika na jibu. Kisha macho yake yakaenda kwenye stendi ya nyuma, ya kushoto, yakakaa pale. Mvuke wa kahawa ulikuwa umekwisha.

"Kwani ni nini?" aliuliza.

"Dada Marlys..."

"D. Niambie ni nini."

"Ni kulia. Kwa lugha ya mama yake Ludvik."

Hakulia. Alitazama viganja vyake, juu na chini. Siku nane za kunawa hazikuwa zimeitoa ile rangi chini ya kucha. Alikuwa amekwenda kwenye uzio kila asubuhi kuyatazama yale magurudumu, na Senja alielewa kwamba sehemu fulani ya mwanamke huyu ilikuwa imejua siku zote, na ndiyo iliyokuwa inakanyaga ile pedali aliyoisikia jikoni.

"Ludvik anajua?"

"Anajua tangu asubuhi. Aliniomba nisije."

"Mjinga yule," Marlys alisema, na hapo ndipo sauti ilipokatika. Alikwenda dirishani, akakichukua kikombe, akaimwaga kahawa kwenye sinki na kukisuuza. Akavaa koti. "Ni saa ngapi?"

"Saa saba na robo."

"Basi twende. Nitasema mwenyewe, mbele yake. Nilimwita muuaji kanisani, watu wakisikia."

Alikaa kiti cha abiria, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Ukungu ulikuwa haujapanda. Barabara ilikuwa moja tu, na ilipita Cordelia. Senja aliteremka kwa gia ndogo, taa zimewashwa, haoni zaidi ya urefu wa magari mawili. Upande wa kulia uzio wa mgodi ulianza kutokea nguzo baada ya nguzo, kisha ule mti wa mbetula uliochunika.

Kabla ya kona Senja aliufikisha mguu kwenye breki, na gari likatii. Lakini chini, mbele ya kiti cha pembeni, alisikia kitu kingine. Marlys alikuwa anatazama mbele, macho makavu, na mguu wake wa kulia ulikuwa unagonga sakafu tupu. Alikanyaga, akaachia. Alikanyaga, akaachia. Alikanyaga na safari hii hakuachia, akabaki ameukandamiza mguu pale kwa nguvu zake zote, mpaka walipoimaliza kona.